Mrija wa ateri huokoa maisha, lakini ukikosa mlinzi hugeuka hatari

JAMAA wa mgonjwa wanaporuhusiwa kuingia katika chumba cha wagonjwa mahututi baada ya upasuaji mkubwa, macho yao hukimbilia mashine ya kupumulia na skrini yenye mistari ya rangi. Ni wachache wanaokitazama kifundo cha mkono wa mgonjwa wao, ambapo mrija mwembamba wa plastiki umeshikizwa kwa plasta.

Mrija huo haupitishi dawa, jinsi wengi wanavyodhani. Umeingizwa ndani ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini, na kazi yake ni kuonyesha shinikizo la damu kila moyo unapodunda.

Ni chombo kidogo chenye manufaa makubwa katika upasuaji na katika kazi ya wataalamu wa nusukaputi. Hata hivyo, chombo hicho hicho chaweza kuizuia damu isifike vidoleni, kuimwaga chini ya shuka pasipo mtu kujua, au kuwapa madaktari habari za uongo zitakazowafanya wampe mgonjwa dawa ya kumdhuru.

Kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, Kenya imetumia mabilioni ya pesa kupeleka mashine za upasuaji na za wagonjwa mahututi katika kaunti. Swali ambalo halijajibiwa ipasavyo ni nani anayemlinda mgonjwa aliyeunganishwa na mashine hizo usiku kucha, baada ya daktari aliyeuingiza mrija kwenda zake.

Swali hilo lina uzito kwa sababu ushahidi wa kitabibu uliokusanywa kwa miaka mingi unaonyesha kwamba madhara mengi mabaya ya mrija wa ateri yanaweza kuzuiwa, na kinachoyazuia si mashine ya bei ghali. Ni kibandiko, mfuko sahihi wa maji, na muuguzi mwenye muda wa kuugusa mkono wa mgonjwa.

KWA NINI ATERI

Kwa mgonjwa wa kawaida, shinikizo la damu hupimwa kwa mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa. Mkanda huo hutoa jibu kila baada ya dakika kadhaa, na kwa upasuaji mwingi hilo latosha.

Lakini yapo matukio ambapo dakika tatu ni nyingi mno. Mgonjwa anayepasuliwa moyo au ubongo, majeruhi wa ajali ya barabarani aliyepoteza damu nyingi, au mama anayevuja damu kwa wingi baada ya kujifungua, anaweza kuzimika kati ya kipimo kimoja na kinachofuata.

Kwa wagonjwa kama hao, mrija wa ateri humwezesha mtaalamu wa nusukaputi kuona mabadiliko papo hapo. Aidha, humwondolea mgonjwa adha ya kudungwa sindano mara kwa mara, kwani damu ya kupima oksijeni, sukari na chumvi za mwili huchotwa humo humo.

Fikra yenyewe ni ya kale. Mnamo 1733, kasisi Mwingereza Stephen Hales alichapisha maelezo ya jinsi alivyounganisha mrija wa kioo na ateri ya farasi jike, na damu ikapanda ndani yake kwa zaidi ya futi nane. Karne mbili baadaye, mwaka wa 1953, daktari wa Uswidi Sven-Ivar Seldinger alieleza njia ya kutanguliza waya mwembamba ndani ya mshipa kisha kuutelezesha mrija juu yake, njia ambayo hadi leo hutumiwa kote duniani.

Kifundo cha mkono ndicho kinachopendelewa zaidi, na sababu yake ni ya kimaumbile. Kiganja hulishwa na ateri mbili, moja upande wa kidole gumba na nyingine upande wa kidole cha mwisho. Mbili hizo hukutana kiganjani, hivi kwamba moja ikiziba, nyingine kwa kawaida huendelea kuilisha mikono na vidole.

Tangu 1929, madaktari wamekuwa na kipimo rahisi kilichobuniwa na Mmarekani Edgar Allen. Mgonjwa hukunja ngumi, ateri zote mbili zikabanwa, kisha moja ikaachiliwa ili ionekane kama rangi ya kiganja itarudi haraka. Kipimo hicho kingali kinatumika, ingawa tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hakiwezi kutegemewa kubashiri ni mgonjwa yupi atakayepata madhara.

Maana yake ni kwamba hakuna kipimo cha kabla ya upasuaji kinachoweza kuwapumzisha wahudumu wasiutazame mkono wa mgonjwa baadaye.

TAKWIMU ZASEMAJE

Ni muhimu kusema wazi kwamba mrija huu si wa kuogopwa. Tathmini ya tafiti nyingi iliyochapishwa mwaka wa 2002, na kuhusisha zaidi ya mirija 19,000 iliyowekwa kwenye kifundo cha mkono, iligundua kwamba ateri huziba kwa muda kwa wastani wa karibu asilimia 20 ya wagonjwa.

Idadi hiyo inatisha kwa kuitazama tu. Hata hivyo, walioharibikiwa mkono kabisa kwa kukosa damu walikuwa asilimia 0.09, yaani chini ya mtu mmoja kati ya 1,000. Maambukizi yaliyoingia katika damu yalitokea kwa asilimia 0.13.

Mwaka wa 2016, wataalamu wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani walitoa matokeo ya mirija 62,626 iliyowekewa watu wazima. Wagonjwa waliopata madhara makubwa ya mishipa au neva walikuwa 21 pekee, na hatari ilionekana kuwa kubwa zaidi pale mrija mnene ulipotumiwa badala ya mwembamba.

Takwimu hizo zinatia moyo, lakini yafaa zisomwe kwa makini. Nyingi zimetoka katika hospitali ambapo mgonjwa wa aina hiyo hubaki machoni pa mhudumu muda wote, na ambapo vidole vikianza kupoa mrija huondolewa na daktari wa mishipa huitwa bila kuchelewa.

Kuzichukua tarakimu hizo na kuzibandika katika wadi ambayo muuguzi mmoja anawahudumia wagonjwa watatu au wanne mahututi ni kujidanganya. Mshipa ulioziba kwa saa moja si sawa na uliozibwa usiku mzima.

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mkono haufi kwa ghafla bila kutoa ishara. Kwanza huwa baridi, kisha huuma au kufa ganzi, na rangi hubadilika. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, mabadiliko hayo huonekana kwa urahisi zaidi kwenye kucha na kiganjani, na mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa hawezi kulalamika. Ni lazima awepo mtu wa kulalamika kwa niaba yake.

MAKOSA YA BAADAYE

Mbali na kuziba kwa mshipa, kuna hatari nne ambazo hutokana na namna mrija unavyotumiwa baada ya kuwekwa.

Mosi ni kuvuja. Damu ya ateri husukumwa kwa nguvu, na kiungo kimoja kikilegea inaweza kumwagika kwa kasi. Chini ya vitambaa vya upasuaji au blanketi, hakuna atakayeiona. Mtoto mchanga wa kilo tatu ana takriban mililita 250 za damu mwilini. Akipoteza mililita 50, ambazo hazijazi hata nusu ya kikombe kidogo cha chai, huwa amepoteza sehemu moja kati ya tano ya damu yake yote.

Pili ni dawa kuingizwa pasipofaa. Mrija wa ateri na ule wa vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, hufanana sana vikilala sambamba juu ya shuka. Dawa inayoingia kwenye vena huchanganyika na damu nyingi kabla ya kufika viungoni. Ikiingia kwenye ateri ya mkono, huenda moja kwa moja hadi katika vijishipa vya vidole ikiwa kali.

Thiopentoni, dawa ya usingizi iliyotumika kwa miaka mingi duniani, inajulikana kwa hatari hiyo. Ikidungwa kwenye ateri kimakosa, hufanya chembechembe ndani ya vijishipa, mishipa ikakazana na damu ikaganda. Wapo wagonjwa waliokatwa vidole na hata mkono kwa kosa la sekunde chache.

Tatu ni kimo cha kifaa cha kupimia. Kifaa kinachogeuza mdundo wa damu kuwa mchoro kwenye skrini lazima kiwe usawa wa moyo wa mgonjwa. Kikiwa chini ya moyo kwa sentimita 10, kipimo huongezeka kwa takriban alama 7.5 za shinikizo ambazo hazipo.

Daktari wa upasuaji akiomba kitanda kiinuliwe na kifaa kikasahaulika pale pale kilipo, skrini itaonyesha shinikizo zuri huku ubongo wa mgonjwa ukikosa damu ya kutosha. Mashine haikuharibika. Aliyepaswa kuisogeza hakuwepo, au alikuwa na kazi nyingine tatu.

FUNZO LA UINGEREZA

Nne, na pengine ya kuhuzunisha kuliko zote, ni mfuko wa maji usio sahihi. Ili damu isigande ndani ya mrija, mfuko wa maji hubanwa kwa shinikizo na kutiririsha takriban mililita tatu kila saa. Maji hayo yanapaswa kuwa ya chumvi.

Mfuko wa maji ya glukosi hufanana na huo kwa ukubwa, kwa umbo na kwa rangi. Ukifunikwa na mkoba wa kuubana, maandishi yake huenda yasionekane kabisa.

Mwaka wa 2007, jarida la kitabibu la Uingereza la Anaesthesia lilichapisha kisa cha mgonjwa aliyefungiwa mfuko wa glukosi badala ya maji ya chumvi. Kila damu ilipochotwa kupitia mrija huo, ilichanganyika na glukosi, na majibu yakaonyesha kwamba sukari yake imepanda.

Wahudumu walifanya kile ambacho mhudumu yeyote makini angefanya. Walimpa insulini ili kuishusha sukari ambayo kwa kweli haikuwa juu. Sukari halisi mwilini ilishuka hadi ubongo wake ukakosa chakula, naye akafariki.

Hapakuwa na mtu mzembe katika hatua ya mwisho ya mkasa huo. Kila muuguzi aliyefuata majibu ya kipimo aliamini nambari aliyoiona. Kosa lilikuwa limefanyika kitambo, katika kutundikwa kwa mfuko mmoja, na hapakuwa na utaratibu wa kuligundua.

Mnamo Julai 2008, shirika la kitaifa la usalama wa wagonjwa nchini humo lilitoa onyo kwa hospitali zote kuhusu maji na uchotaji wa damu katika mirija ya ateri. Mwaka wa 2014, chama cha wataalamu wa nusukaputi wa Uingereza na Ireland kilitoa mwongozo uliosisitiza kwamba maji ya chumvi pekee ndiyo yatumiwe, mifuko ikaguliwe kila zamu inapobadilika, na matokeo ya sukari yasiyotarajiwa yathibitishwe kwa damu iliyochotwa kwingine.

La kuzingatia ni kwamba taifa lenye wataalamu wengi na vifaa vya kutosha halikuliacha jambo hilo kwa umakini wa mtu binafsi. Lilikubali kwamba binadamu huchoka, husahau na hudanganywa na vitu vinavyofanana, likaweka kanuni za kumkinga.

Kenya nayo imeonja uchungu wa kibandiko kukosewa. Mwaka wa 2018, taifa lilipigwa na butwaa ilipobainika kwamba mgonjwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta alipasuliwa kichwa ilhali upasuaji huo ulikuwa wa mgonjwa mwingine. Haukuwa mkasa wa mrija wa ateri, lakini mzizi wake ulikuwa wa aina moja: utambulisho uliochanganywa, na hatua za ukaguzi zilizopitwa hadi kisu kikashikwa.

MASHINE ZILIFIKA, WATU JE?

Mwaka wa 2015, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, uliojulikana kama MES, uliolenga hospitali 98 nchini. Vifaa vya vyumba vya upasuaji, vya figo, vya eksirei na vya wagonjwa mahututi vilisambazwa, na magavana wakakatwa pesa za kuvilipia kutoka mgao wa kaunti.

Kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza mpango huo iliwasilisha ripoti yake mwaka wa 2020. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni kwamba baadhi ya vifaa vilikuwa vimekaa bila kutumika kwa kukosa umeme, maji, majengo yafaayo au wahudumu wenye ujuzi.

Mwaka huo huo, janga la Covid-19 lilizilazimu kaunti kutafuta vitanda na mashine za kupumulia kwa haraka. Vyumba vya wagonjwa mahututi vilifunguliwa mahali ambapo havikuwahi kuwepo, na hilo lilikuwa jambo jema.

Hata hivyo, kitanda cha mahututi si godoro na mashine pekee. Juma moja lina saa 168. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa juma huziba sehemu ndogo tu ya saa hizo, hivi kwamba kitanda kimoja kinachopaswa kuwa na muuguzi mmoja wakati wote chahitaji wauguzi wanne na ziada, kabla ya kuhesabu likizo, ugonjwa na mafunzo.

Kwa hesabu hiyo, hospitali ya kaunti iliyofungua vitanda sita inahitaji wauguzi wasiopungua 26 wenye ujuzi wa kuwahudumia wagonjwa mahututi. Utepe unapokatwa na hotuba kutolewa, ni nadra idadi hiyo kutajwa.

Upande wa nusukaputi, hali si tofauti. Madaktari bingwa wa fani hiyo wamejaa zaidi katika miji mikubwa, na katika hospitali nyingi za kaunti mzigo umebebwa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Hao ndio wanaolaza na kuamsha maelfu ya Wakenya kila mwaka, na mara nyingi mmoja wao huitwa kutoka chumba kimoja cha upasuaji hadi kingine.

Ukosefu huu haujaanza jana. Mgomo wa madaktari uliodumu siku 100 kuanzia Desemba 2016, na mwingine wa siku 56 mwaka wa 2024, yote miwili iligusa suala la mishahara, ajira na idadi ya wahudumu. Wananchi wengi waliiona kama mivutano ya malipo. Kwa mgonjwa mwenye mrija katika ateri, idadi ya wahudumu ni suala la uhai.

USHAHIDI WA AFRIKA

Mwaka wa 2018, jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 11,000 katika hospitali 247 za mataifa 25. Wagonjwa hao walikuwa vijana na wenye afya bora kuliko wale wa mataifa tajiri, ilhali kiwango chao cha vifo kilikuwa maradufu ya wastani wa dunia.

Jambo la kushtua zaidi ni wakati wa vifo. Takriban asilimia 94 ya waliofariki hawakufa siku ya upasuaji bali katika siku zilizofuata. Katika hospitali hizo, wataalamu wa upasuaji, uzazi na nusukaputi walikuwa kwa kadirio la kati 0.7 kwa kila watu 100,000.

Kwa maneno mengine, Mwafrika anayepasuliwa huponea kisu, kisha hupotea wadini. Huko ndiko damu inakovuja bila kuonekana na maambukizi yanakoanza bila kutambuliwa.

Wapo watakaosema kwamba suluhu basi ni rahisi: wahudumu waagizwe kuongeza uangalizi. Pendekezo hilo limejaribiwa. Utafiti wa pili uliochapishwa mwaka wa 2021, ulioshirikisha hospitali zaidi ya 300 za Afrika, uliwaongezea uangalizi wagonjwa waliokuwa katika hatari kubwa kwa kutumia rasilmali zilizokuwepo. Vifo havikupungua.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba uangalizi hauna faida. Yanaelekea kuonyesha kwamba agizo haliwezi kuzaa muuguzi. Wahudumu wale wale wachache wakiambiwa wamtazame mmoja zaidi, humtazama mwingine kidogo.

Hata hivyo, lipo jambo lililofaulu kwa gharama ndogo. Mnamo 2008, Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ambayo husomwa kwa sauti kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyotolewa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji yakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7. Kilichohitajika kilikuwa karatasi moja na timu iliyokubali kuulizana maswali bila kuoneana haya.

LA KUFANYWA

Kutokana na hayo, hatua zinazofaa kuchukuliwa zinagawanyika mara mbili: zile ambazo hazihitaji bajeti kubwa, na zile zisizoweza kukwepa bajeti.

Katika kundi la kwanza, kila mrija wa ateri uwekewe kibandiko chekundu karibu na kila kiungo chake. Mifuko ya glukosi isihifadhiwe rafu moja na ya maji ya chumvi, na mfuko usomwe na watu wawili kabla ya kutundikwa. Mkono wenye mrija uachwe wazi ili uonekane, na hali ya vidole iandikwe katika fomu ya kila zamu kama yaandikwavyo mapigo ya moyo.

Muhimu zaidi, kila asubuhi liulizwe swali moja: je, mgonjwa huyu angali anauhitaji mrija huu? Usiohitajika uondolewe siku hiyo hiyo. Pia hospitali isiyo na mtu wa kuulinda usiku isione aibu kutumia mkanda wa kawaida, au kumhamisha mgonjwa mapema hadi panapo uwezo.

Katika kundi la pili, kaunti zinapaswa kukoma kuhesabu vitanda na kuanza kuhesabu vitanda vyenye wauguzi. Bima ya kitaifa, ambayo tangu Oktoba 2024 imekuwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, hulipa hospitali kwa huduma za wagonjwa mahututi. Ni haki malipo hayo yaambatane na sharti la idadi ya wahudumu walio kazini, mchana na usiku.

Sharti kama hilo halitapendwa na kila mtu. Baadhi ya magavana watalalamika kwamba litafunga vyumba vilivyofunguliwa kwa shida, na wananchi wa mashambani ndio watakaoumia kwa kusafirishwa mbali. Hoja hiyo ina mashiko, na ndiyo sababu sharti lije hatua kwa hatua pamoja na pesa za kuajiri na kufunza. Lakini kuliahirisha milele ni kukubali kwamba mgonjwa wa kaunti ya mbali apewe mashine ile ile ya Nairobi bila ulinzi ule ule.

Wizara ya Afya nayo ingefaa kuweka utaratibu wa kukusanya ripoti za makosa ya aina hii kutoka hospitali zote bila kumwadhibu anayeripoti kwa nia njema. Uingereza iliweza kutoa onyo lake la 2008 kwa sababu visa viliandikwa na kupelekwa mahali pamoja. Kosa linalofichwa wadini kwa hofu ya kufutwa kazi litarudiwa katika hospitali jirani na mtu asiyejua kwamba limewahi kutokea.

Wananchi wenyewe hawako mikono mitupu. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, matibabu anayopewa, manufaa, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inamhakikishia kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana.

Haki hizo hazidaiwi kwa kelele. Mke, mzazi au ndugu aliyeketi kando ya kitanda anaweza kuuliza kwa heshima: mrija huu ni wa nini, utaondolewa lini, na mbona vidole vyake vimekuwa baridi? Muuguzi mwema hatachukia swali hilo. Huenda likawa ndilo linalomrudisha kando ya kitanda ambacho kazi nyingi zilimwondoa.

Mashine zilizonunuliwa kwa pesa za umma zina faida, na hakuna anayetaka kurudi enzi ambazo mgonjwa mahututi alisafirishwa kilomita mamia kutafuta kitanda. Lakini mrija uliomo ndani ya ateri hautambui kwamba kaunti imefungua jengo jipya. Hutambua tu kama mfuko uliotundikwa juu yake ni wa chumvi, na kama yupo mtu atakayeugusa mkono kabla ya mapambazuko.